Ng'ombe wa Buluu Aliyewekwa kwa Onyiego

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimeamka tajiri!

Dukani wateja walikuwa wanne tu. Wawili picha za pasipoti, mmoja muhuri wa kikundi cha akina mama, mmoja alitaka kuchaji simu bure. Sijali kabisa. Mtu wa hali yangu hasumbuliwi na mambo ya picha za pasipoti.

Maelezo, kwa faida ya wajukuu watakaosoma daftari hili. Upo mchezo wa mtandaoni unaoitwa Bonde la Maziwa. Mtu anafuga, anakamua, anauza, yote kwenye simu. Mimi humo nina ng'ombe wa buluu. Ng'ombe hao walitolewa kwa wiki moja tu mwaka 2013, na duniani wamebaki wachache, kwa sababu wenyewe wengi walisahau nywila, au walioa, au walikufa. Asubuhi hii, kwenye soko la mchezo, mmoja kama wangu ameuzwa kwa shilingi elfu tisini. Elfu tisini! Ng'ombe asiyekula nyasi!

Na zizi langu la kweli, nyuma ya nyumba hapa Suneka, liko tupu tangu mwaka juzi. Nilimwahidi mke wangu Bathsheba ng'ombe wa maziwa. Nikajenga zizi, nikaezeka mabati mapya, nikatengeneza hori la saruji. Kisha pesa zikaisha. Bathsheba ni mwalimu, anatosheka kuongea na watoto wa shule, nyumbani hasemi mengi. Anachofanya ni kuanika nguo zizini. Kila nikiona sketi zake zimetandazwa juu ya hori, naumia moyo.

Basi nimempigia simu Mzee Nyangau wa Nyansiongo. Ana mtamba mweusi na mweupe, mwenye mimba ya miezi mitano. Amekubali kuningoja mpaka Ijumaa tarehe 19. Zaidi ya hapo anamuuzia mtu wa Keroka. Nikamwambia wiki tatu kwangu ni nyingi mno, atanichosha kwa kungoja.

Jioni nikamtangazia Bathsheba kuwa Sabato ya tarehe 20 itakuta ng'ombe zizini. Akaniuliza, Baba Kemuma, wa rangi gani? Nikajibu nyeusi na nyeupe. Akaenda akaanua sketi moja. Ni moja tu, lakini ni mwanzo.

Jumanne, 2 Septemba

Balaa! Soko linataka kitambulisho!

Nilikuwa nimekaa tayari, shati limepigwa pasi. Nikabonyeza pa kuuzia. Mashine ikaomba picha ya kitambulisho, na jina lilingane na la akaunti. Kitambulisho kinasema Jethro Obwocha. Akaunti inasema Daktari Francis, London. Nilijiandikisha hivyo zamani nikidhani nitaheshimiwa. Nimeheshimiwa mpaka nimekwama.

Enzi zetu biashara hii haikuwa na makaratasi. Tulikuwa sita katika saiba moja, duka la kompyuta za kukodi, mjini Kisii, na soko lilikuwa ni kugeuka tu kwenye kiti. Ukimtaka jogoo wa mwenzako unampa kondoo wako, mnapeana mikono, imekwisha. Baadaye tukaanza kulipana kwa kadi za simu. Halafu likaundwa kundi la mtandaoni lenye msimamizi, mtu wa kushika mali na pesa za pande zote mbili ili watu wasidhulumiane. Msimamizi huyo alitoweka na fahali wangu mwaka 2017. Zikaja tovuti za nje, bei kwa dola. Sasa wenye mchezo wamejenga soko lao wenyewe, wanakata sehemu yao kwa kila mauzo, na kuanzia saa sita usiku leo wanafunga njia ya kupeana mali bure kati ya marafiki. Kila kitu kipitie sokoni. Wanasema ni kuzuia wizi. Fahali wangu angewaambia wamechelewa.

Nikawaza. Na mimi nikiwaza, jambo linatoka!

Babu yangu alikuwa na ng'ombe kumi na wawili, lakini zizini kwake hukuona zaidi ya wanne. Wengine aliwaweka kwa marafiki, huyu kilima kile, huyu kilima hiki. Aliyewekewa anakunywa maziwa, mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe wake. Ugonjwa ukija haumalizi wote. Jamaa wakija kuomba, wanaona zizi la maskini. Na hakuna karatasi hata moja. Nami nitamweka ng'ombe wangu kwa mtu mwenye akaunti ya jina halali, amuuze kwa niaba yangu, kwa kuwa akaunti changa nitakayofungua mimi leo hairuhusiwi kupokea mali ya bure!

Ubaya ni kwamba Suneka nzima mtu huyo ni mmoja: Onyiego, mwenye duka la dawa za mifugo ng'ambo ya barabara. Nilimfundisha mchezo huu mimi mwenyewe mwezi wa tatu. Alijiandikisha kwa jina lake, Onyiego, akaweka na picha yake amevaa tai. Hana ubunifu hata chembe. Tena kibao cha duka lake ni kikubwa kuliko changu, na najua alikipima changu kwanza.

Tumekubaliana. Soko linataka mali iliyotolewa bure ikae siku saba kwa mpokeaji kabla haijauzwa. Siku hizo maziwa ni yake. Baadaye anauza, ananiletea pesa. Saa kumi na mbili jioni nikamtumia ng'ombe.

Hapa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Ng'ombe yule ana jina. Nilimpa jina la mwalimu wangu wa darasa la tatu, mama mpole sana, na mchezo hauruhusu kubadilisha. Mwaka uliofuata nikamchumbia Bathsheba. Nikaenda kwao Nyamache kujitambulisha. Nikauliza kwa upole mama anaitwa nani. Nyanchama! Jina lile lile! Na kwetu mtu hatamki jina la mama mkwe wake. Hata kuliandika hapa nimefunga mlango kwanza. Miaka kumi na mmoja sasa nimekuwa nikimwita Yule wa Buluu.

Onyiego alipolisoma akasema ni jina zuri la heshima. Nikamwambia aangalie kwato.

Jumapili, 7 Septemba

Jana Sabato. Hubiri refu, lilihusu uvumilivu. Nimevumilia.

Leo Onyiego amekuja dukani kutoa nakala ya risiti, lakini shida yake ilikuwa kujigamba. Ati jana adhuhuri alimkamua Yule wa Buluu akapata ndoo tatu. Yeye ni Mkatoliki, Jumamosi yake ni siku kama nyingine. Kisha akaniuliza kwa nini ng'ombe mzee namna hii hajawahi kuzaa.

Swali la kishenzi. Mchezo unataka ng'ombe akamuliwe siku saba mfululizo ndipo azae. Mimi Msabato! Miaka kumi na miwili nimemkamua Jumapili hadi Ijumaa bila kukosa, na kila Jumamosi hesabu inarudi sifuri, kwa sababu simu iko kabatini na ufunguo uko kwa Bathsheba. Nikamjibu Onyiego kuwa ni uamuzi wa kitaalamu.

Amesema yeye leo yuko siku ya tano. Nimetoa nakala yake ikiwa imepinda, makusudi.

Jumanne, 9 Septemba

Amezaa! Amezaa!

Onyiego amenipigia simu saa kumi na mbili asubuhi akipiga kelele. Nilivuka barabara na kandambili mbili tofauti. Ndama wa buluu, ana doa jeupe kwenye paji la uso! Anaruka! Tulisimama nyuma ya kaunta, kati ya magunia ya chakula cha kuku, watu wazima wawili, tukamtazama kwenye kioo cha simu mpaka mteja akaenda zake. Nilifurahi. Lazima niwe mkweli humu: machozi yalinilenga.

Kisha nikakumbuka kazi. Siku saba zinatimia leo. Nikamwambia sasa tumuuze mama yake.

Onyiego akanitazama kana kwamba nimetapika kanisani. Akasema ng'ombe aliyezaa leo hauzwi. Akasema miaka kumi na tano anauza dawa za mifugo na hajaona mfugaji wa akili timamu akifanya hivyo. Mama apumzike miezi mitatu, ndama anyonye. Nikamwambia hanyonyi kitu, ni picha! Akasema hata hivyo.

Nikamkumbusha ng'ombe ni wa nani. Akageuza simu nione. Chini ya mnyama pameandikwa: Mmiliki, Onyiego. Na picha ile ya tai.

Miezi mitatu! Nami nina siku kumi. Nimerudi dukani. Bathsheba ameniuliza mbona nimevaa kandambili mbili tofauti. Nimesema ni mtindo.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango wa kwanza. Mzuri sana, nausifu hata baada ya kushindwa.

Nilifungua akaunti mpya kwa jina Idara ya Afya ya Mifugo, Bonde la Maziwa. Nikamwandikia Onyiego kuwa ugonjwa wa miguu na midomo umeingia bondeni, na kila ng'ombe aliyewekwa kwa mtu arudishwe kwa mwenyewe mara moja, kwa kumtia sokoni kwa bei ya sarafu moja ili Daktari Francis wa London amnunue. Nikaweka na muhuri. Muhuri niliutengeneza mwenyewe dukani, una ng'ombe katikati.

Jibu lilikuja baada ya dakika tano. Ameuliza ni aina gani ya virusi, chanjo ipi inapendekezwa, na namba ya shehena ya chanjo hiyo. Pia ameuliza mbona muhuri wa Idara una kasoro ile ile ya mihuri ya Obwocha, herufi ya mwisho inaelea.

Nimefunga akaunti. Kasoro ile nitairekebisha.

Alhamisi, 11 Septemba

Mipango miwili kwa siku moja. Hakuna atakayesema sikujituma.

Asubuhi niliwaandikia wenye mchezo malalamiko ya kurasa mbili. Nilieleza habari za babu, vilima, na desturi nzima ya kuwekeana ng'ombe. Jibu likaja papo hapo, kumbe ni mashine. Imenishukuru, ikaniita Daktari, ikanishauri nizime simu kisha niiwashe.

Mchana nikaenda dukani kwa Onyiego kama mteja. Nia: akigeuka kutafuta kitu rafu ya juu, nichukue simu yake kwenye kaunta, nibonyeze mara mbili, kazi imekwisha. Nikaomba dawa ya minyoo. Ilikuwa rafu ya chini. Nikaomba jiwe la chumvi. Lilikuwa miguuni pake. Nikaomba kitu chochote cha rafu ya juu. Akasema huko ameweka kalenda za zamani. Mwisho nilitoka na chupa mbili za dawa ya minyoo, jiwe la chumvi la kilo mbili na brashi ya kusugulia ng'ombe. Sina ng'ombe!

Lakini ajabu. Bathsheba aliporudi kutoka shule akakuta jiwe la chumvi juu ya hori. Akaanua sketi zote, akafagia zizi, jioni akanipikia mboga za chinsaga akatia na maziwa ya kutosha. Nilikula kwa shida. Anaamini. Hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo nimechukua hatua ya kiume. Nimemshtaki Onyiego kwa wazee.

Nimemkuta Mzee Ondieki nyumbani kwake akipaka viatu rangi kwa ajili ya Sabato. Yeye ni mzee wa kanisa letu na ndiye mwenyekiti wa wazee wa kijiji. Nikamweleza: nilimweka ng'ombe wangu kwa Onyiego, amezaa huko, sasa hataki kumtoa. Mzee akaweka kiatu chini. Akasema hilo si jambo dogo. Baba yake mwenyewe alipoteza ng'ombe wawili hivyo hivyo, kwa mtu waliyekula naye sahani moja. Akaita kikao Jumapili saa nne.

Hakuniuliza kama ng'ombe ni wa kwenye simu. Nami sikutaka kumkatiza mzee akiongea.

Nilipokuwa natoka akaniambia nije na mke wangu, kwa kuwa ng'ombe wa nyumbani hana shahidi mzuri kuliko mama wa nyumbani. Nikasema Bathsheba ana kazi. Akasema atamwambia yeye mwenyewe kesho kanisani.

Lo. Bathsheba. Na lile jina! Jua linazama, siruhusiwi kupanga mipango mpaka kesho jioni.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika nikiwa nimekaa zizini. Nitaandika yote kwa utaratibu.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa Mzee Ondieki, viti vyote vimevalishwa vitambaa. Wazee watatu, chai, ndizi za kuchemsha. Onyiego alikuja na tai ile ile. Bathsheba alikaa kando yangu, mkoba magotini, akinitazama kwa pembe ya jicho, kwa sababu alikuwa amekwisha kuhesabu ng'ombe wetu wote na kupata sifuri.

Mzee Ondieki alifungua kwa sala. Kisha akauliza, "Ng'ombe iko wapi?"

Onyiego akaweka simu mezani.

Simu ilizunguka mkono kwa mkono. Mzee wa kwanza alisema ni picha nzuri. Onyiego akaeleza kuwa anakamuliwa kwa kidole, akaonyesha, maziwa yakamiminika na mlio wake. Mzee wa pili, ambaye macho yake si mazuri, alitazama muda mrefu akauliza kama ile rangi ni dawa ya josho imemmwagikia. Mzee Ondieki akavua miwani, akasema kikao kimekwisha, watu wazima hawawezi kuitwa Jumapili kwa ajili ya katuni.

Nikasema, kwa sauti ndogo, kuwa soko linatoa elfu tisini.

Mzee Ondieki akavaa miwani. Akasema chai iongezwe.

Onyiego akatoa hoja zake: jina lake limeandikwa, amemkamua siku zote bila kukosa, amezaa mikononi mwake. Nikatoa zangu: nilimweka tu, na kila mtu hapa anajua maana ya kuweka. Wazee wakanong'ona kwa Kigusii. Ndipo Mzee Ondieki akasema ataamua kama walivyoamua wakubwa wake. Maandishi yanaweza kuandikwa na yeyote. Lakini mwenye ng'ombe anajua jina la ng'ombe wake. Akanigeukia mimi kwanza.

Nikasema, Yule wa Buluu.

Akasema hiyo ni rangi.

Nikakohoa. Nikanywa chai. Nikasema jina lenyewe linaanza na N. Akasema majina ya kijiji kizima yanaanza na N. Nilimwona Bathsheba akinitazama sawasawa sasa, akingoja, na uso wake ulikuwa na huruma, akidhani mume wake ni mwizi wa ng'ombe asiye na uzoefu. Mama mkwe ni mama mkwe! Nilifumba macho nikaona mtamba wa Nyansiongo akipanda gari kwenda Keroka.

Onyiego hakuweza kujizuia. Aliruka kitini kama mtoto anayejua jibu. "Nyanchama!"

Hao wazee watatu wote walikula ndizi kwenye mahari yetu. Wote wanajua Bathsheba ni mtoto wa nani. Mzee wa macho mabaya akashika kichwa. Bathsheba aligeuka polepole, akaniuliza kama Onyiego amesema kweli. Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu kabla sijamjua, ni jina la mwalimu wangu, na mchezo haukubali kubadilisha, na miaka kumi na mmoja sijawahi kulitamka. Akauliza kama mama yake ametiwa sokoni. Nikasema bado, Onyiego amekataa.

Mzee Ondieki akagonga meza. Akasema kesi imekwisha. Mtu aliyeiba au aliyetamani ng'ombe wa mwingine angelitaja jina haraka, kama alivyofanya Onyiego, kwa sababu halimgharimu kitu. Huyu Obwocha alikuwa tayari kupoteza elfu tisini kuliko kulitaja mbele ya mke wake. Mzigo kama huo haubebwi na mtu asiye na mali. Ng'ombe ni wake. Maziwa yaliyokwisha kukamuliwa ni ya Onyiego, na ndama pia abaki kwa Onyiego, kwa sababu bila Jumamosi zake asingezaliwa. Ng'ombe auzwe kesho. Pesa zipite mkononi mwa Bathsheba.

Onyiego alikubali haraka mno. Nadhani shida yake tangu mwanzo ilikuwa ndama tu. Alisimama akanipa mkono, akasema tumlee pamoja, niwe naenda kumtazama nikitaka. Nilimkumbatia. Sijui kwa nini.

Na Bathsheba? Njia nzima alitembea mbele yangu, mabega yanatetemeka. Nilidhani analia. Nikaharakisha nimwombe msamaha. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akashika ua wa jirani. Aliniuliza bei mara ya pili. Kisha akafuta machozi akasema elfu tisini ni matusi, mama yake amelea watoto wanane, hatoki chini ya laki moja na elfu kumi.

Alhamisi, 18 Septemba

Bathsheba ndiye aliyeandika tangazo. Alikaa na Onyiego dukani kwake Jumatatu baada ya shule, mimi nikawekwa kwenye gunia la pumba, nisiseme kitu. Mimi ningeandika: ng'ombe mkongwe, nadra sana. Yeye aliandika habari ya kweli: kwamba alikamuliwa siku sita kwa wiki kwa miaka kumi na miwili na kupumzishwa kila Sabato, na kwamba amezaa mara moja tu. Mtu wa Uholanzi akaandika kuwa hajawahi kusoma tangazo zuri namna hiyo. Wakavutana. Akalipa laki moja na elfu tano.

Leo pesa zimeingia, baada ya soko kukata sehemu yake. Onyiego amevuka barabara na kumkabidhi Bathsheba zote, mbele yangu. Zinatosha mtamba na gari la kumleta. Mimi nimepewa pongezi.

Mama mkwe amepewa habari. Sijui nani alimwambia, ila Bathsheba alikuwa na simu nje kwa nusu saa. Ujumbe umerudi kwamba amefurahi kusikia mtu wa Uholanzi anaweza kumtolea pesa nyingi hivyo katika umri wake. Nimejifungia stoo kidogo.

Ijumaa, 19 Septemba

Amefika!

Tumetoka Nyansiongo saa tisa, mimi nimesimama nyuma ya pikapu na mtamba, mvua yote juu yetu wawili. Mzee Nyangau alikuwa amekwisha kumfunga mtamba kamba, ndipo mtu wa Keroka akapiga simu, akamwambia pole, wenyewe wamefika. Tumeingia Suneka saa kumi na mbili kasorobo, jua bado liko. Onyiego alifunga duka akaja kupima joto lake, bila malipo. Nusu ya kijiji ilikuwa uani. Mzee Ondieki alimshika pembe, akasema huyu sasa anaonekana hata bila miwani.

Bathsheba amempa jina. Anaitwa Ng'ombe. Amesema hivyo hakuna mtu atakayepata shida.

Alisimama mlangoni pa zizi mpaka giza likaingia, mkono juu ya ule mgongo mweusi na mweupe. Kisha akanishika kiwiko. Miaka miwili nimengoja kushikwa kiwiko namna hiyo. Chumvi ilikuwepo tayari, na dawa ya minyoo, na brashi. Amenisifu kuwa nilijiandaa mapema.

Jumatatu, 22 Septemba

Nina furaha. Asubuhi naamka kwa sauti ya mtu akitafuna. Nimemsugua Ng'ombe kwa brashi, nimemletea majani ya ndizi. Bathsheba ameimba akienda shule.

Nimekaa nikatafakari makosa yangu, kama mtu mzima. Nimeyaona. Kosa halikuwa kumweka ng'ombe kwa mtu. Babu alifanya hivyo na akafa tajiri. Kosa lilikuwa kumweka karibu! Onyiego anamjua Mzee Ondieki, Mzee Ondieki anamjua Bathsheba, na Bathsheba anamjua kila mtu. Siri itakaa wapi?

Na siri inahitajika, kwa sababu jana mchezo ulitoa kondoo wa dhahabu, kwa wiki moja tu! Nimefungua akaunti ya jina langu halisi, kitambulisho kimekubaliwa, nimenunua kondoo saba kwa pesa za kununulia karatasi za duka. Bathsheba amesema mauzo yoyote yatakayofuata ni ya chakula cha Ng'ombe, na nywila yangu anayo. Kwa hiyo kondoo hawawezi kukaa kwangu akawaona.

Nimempata mtu wa kuwaweka. Yuko Manila, Ufilipino. Hatujawahi kuonana, hajui Kiswahili, hana namba ya Bathsheba. Kupeana bure kumefungwa, basi nimemuuzia wote saba kwa sarafu moja moja, kwa makubaliano kwamba atanirudishia bei ikipanda. Anaitwa Askofu Daniel. Jina lenyewe linatosha kuwa dhamana.

Nimemwandikia mara nne tangu jana. Hajajibu, lakini askofu ana kazi nyingi.